Udongo Tuliosiribia Chekechea

Wiki iliyopita tulikuwa tunasiriba jiko la nyanya hapa Uriri, kwa sababu binamu yangu anaolewa na wageni hawawezi kuja kukuta kuta zinaonyesha fito. Mpwa wangu, msichana wa miaka tisa mwenye maswali mengi kuliko meno, akanijia na bonge la udongo mkononi. "Shangazi, onja, uniambie kama ni mzuri." Nikamwambia mimi sionji udongo. "Lakini nyanya anasema wewe ndiye uliyekuwa unajua kutushinda wote!" Nikatoka nje nikijifuta macho, nikasingizia moshi, na moto wenyewe haukuwa umewashwa. Kaa hapo, rafiki yangu, nikueleze. Jambo hili nimelibeba tangu nikiwa kidato cha pili, na nyumbani kwetu hakuna anayelijua.

Sisi ni Wamaragoli. Babu alihamia Uriri, kwa Wajaluo, akifuata mashamba, akapanda miwa na mahindi, akafa akiwa bado anaitwa mgeni. Kijaluo nakisikia vizuri, ila nikikisema watu hushika mbavu kwa kicheko. Mikono yangu niliirithi kwa nyanya. Kila likizo ya Desemba alikuwa akiniamsha alfajiri niende zizini kuokota mavi ya ng'ombe yakiwa bado na joto, kisha tunachunga majivu, tunakanyaga udongo kwa miguu mpaka unateleza katikati ya vidole. Kabla ya yote hayo lazima auonje. Anatia chembe mdomoni, anaisaga kwa meno ya mbele, anatema. Udongo unaoyeyuka haufai, utapasuka. Unaonata kwenye fizi ndio wenyewe. Na mzuri kuliko wote ni wa kichuguu. "Mchwa ameshatafuna," alikuwa akisema, "wewe malizia tu." Nilipofika miaka kumi na minne nilikuwa nimeshasiriba nusu ya majiko ya majirani, na sifa zilikuwa zimenipanda kichwani, sikatai.

Mwaka ule wa kidato cha pili mvua zilinyesha hadi watu wakachoka hata kuzilalamikia. Kwetu ziliharibu mahindi na barabara. Kule Homa Bay ziwa liliinuka likaingia majumbani. Mwalimu mlezi wa chama chetu cha kujitolea alikuwa na rafiki, mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi ufuoni, na shule hiyo ilikuwa imekaa ndani ya maji wiki tatu. Maji yalipopungua aliomba msaada wa mikono tu. Wanafunzi thelathini tukajiandikisha. Nusu yetu, niseme ukweli wa Mungu, tulikuwa tunakwepa jaribio la hisabati.

Tulisafiri Alhamisi kwa lori la kubebea miwa, tumekalia magodoro, tunaimba kuanzia Rongo mpaka sauti zikakauka. Wazazi walikuwa wametupakilia mafungu ya miwa, magunia ya mahindi na maharagwe, na nyanya akanipa la kwake la mdomo: "Usimwachie mtu ukuta ambao wewe usingeutaka." Tulipokaribia ziwa nyimbo zilikatika zenyewe. Harufu ndiyo iliyotupokea kwanza, harufu ya tope lililolala, samaki waliooza na vyoo vilivyofurika. Madawati yalikuwa yamepandana kwenye kona za madarasa. Nyasi zilikuwa zimenasa kwenye nondo za madirisha, kimo cha kifua changu. Mwalimu mkuu, mtu mwembamba aliyevaa tai na gambuti, alitupa mkono mmoja mmoja, wote thelathini, kisha akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Tukapiga makofi kwa nguvu.

Aliyetulisha alikuwa mama mpishi wa shule, mama wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alinisikia nikijaribu kumsalimia kwa Kijaluo, akacheka mpaka akashika ukuta, na tangu hapo akaniongelesha kwa Kiswahili cha sokoni na kuniita Nyar Uriri, yaani binti wa Uriri. Asubuhi alitupa uji wa wimbi wenye ndimu, mchana mahindi na maharagwe, jioni ugali na omena iliyokaangwa mpaka inalia kwenye meno. "Kuleni," alikuwa akisema, "hakuna mtu anajenga na tumbo tupu." Nyumba yake ilikuwa jirani na shule, upande wa ziwa, na maji yalikuwa yameibeba yote, pamoja na ua wa minyaa uliotenga boma lake na kiwanja cha shule. Majirani zake wote walikuwa wamehamia mlimani. Yeye alikataa, akawa analala stoo ya shule juu ya magunia. Nikamuuliza kwa nini asiwafuate wenzake. Akasema, "Mimi siko peke yangu huku, Nyar Uriri." Nikadhani anasema kuku wake.

Acha nikwambie sasa hivi kile ambacho hatukuambiwa, maana wenyeji walikizoea kiasi cha kudhani kila mtu anakijua. Mama huyo alikuwa amemzika kitinda mimba wake bomani mwake, mtoto wa miaka mitano aliyekuwa akisoma chekechea ya shule hiyohiyo, aliyekwenda kwa homa ya siku mbili. Msalaba wa mbao ulichukuliwa na maji. Kilichobaki ni tuta la udongo, kimo cha goti, ambalo mafuriko yalikuwa yamelilamba pembe zote likawa mviringo. Alilala stoo ili akiamka alfajiri aweze kuliona. Katika vyote alivyokuwa navyo duniani, ziwa lilimwachia hicho kimoja.

Ijumaa wavulana walizoa tope kwa majembe na wilbaro, na sisi wasichana tukapewa chekechea, darasa la fito na udongo ambalo maji yalikuwa yamelivua ngozi mpaka kiunoni. Tulikandika kutwa nzima kwa udongo mweusi wa palepale. Mimi niliuonja nikajua haufai, ila mwingine haukuwepo. Jua lilikuwa kali, na kufikia Jumamosi asubuhi ukuta ulikuwa na nyufa za kuingiza kidole. Nilisikia aibu, we acha tu. Niliona ni kama nyanya mwenyewe amesimama mlangoni anatikisa kichwa.

Kijiji kile karibu wote ni Wasabato, na Jumamosi yao ni ya kanisa. Mama mpishi alikuwa ametupikia chakula cha siku nzima kabla jua la Ijumaa halijatua, akafunika sufuria, na asubuhi akavaa nguo yake nyeupe akapanda mlimani kusali. Mwalimu mkuu naye alikwenda, na wenzetu Wasabato pia. Mwalimu wetu alituambia waliobaki tupumzike. Lakini Jumapili mchana tulikuwa tunaondoka, na mimi nilikuwa Mkatoliki mwenye ukuta uliopasuka. Kiherehere kikanipanda. Nikazunguka nyuma ya shule kutafuta udongo. Kote kulikuwa tope jeusi, tambarare, isipokuwa mahali pamoja, mbele kidogo ya kiwanja, palipoinuka kitu chekundu chenye majani machache juu yake. Nikapiga magoti, nikachota chembe, nikaonja. Ikanata kwenye fizi.

"Kichuguu!" nikapiga kelele. "Njooni na makarai!"

Na haki ya nani, sikukosea. Ulikuwa udongo wa kichuguu kweli. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba udongo mweusi wa ufuoni huzama na kupasuka, kaburi halikai juu yake hata mwaka, na kwamba mama yule alipanda mlimani wiki nzima akiteremsha udongo wa kichuguu kwa karai kichwani, ili tuta la mwanawe lisimame. Yaani nyanya alinifundisha kila kitu kuhusu udongo, na mimi sikuuliza hata swali moja kuhusu mahali. Hata kumwuliza mpita njia. Ningengoja tu hadi jioni.

Tulichimba hadi saa saba. Wavulana waliposikia kelele zetu walikuja na majembe wakatusaidia, wakasawazisha pale chini kwa miguu, kisha wakapanga hapo madawati yaliyooshwa yapate kukauka, kwa kuwa ndipo palipokuwa pakavu. Tuliimba, tulitaniana, mmoja akanipaka udongo puani. Ukuta wa mbele niliusiriba mwenyewe, nikauchora kwa vidole yale mawimbi ambayo nyanya huchora kwenye majiko ya maharusi. Nimesiriba kuta nyingi maishani. Ule ulikuwa mzuri kuliko zote.

Saa kumi na moja wenyeji walianza kuteremka kutoka kanisani. Mama mpishi akaja moja kwa moja chekechea, Biblia kwapani, wanawake wenzake nyuma yake. Akasimama mlangoni.

"Yawa! Nani amefanya hivi?" Akaweka kiganja ukutani. "Hata mimi singeweza. Ona hiyo rangi! Nyar Uriri, udongo mmetoa wapi?"

Nami kwa mdomo wangu, nimejaa fahari, nikamjibu, "Pale, mama. Tumepata kichuguu." Nikanyoosha na kidole.

Hakupiga kelele. Aliondoa kiganja ukutani, akatembea hadi kwenye madawati, akapita katikati yake akitazama chini, akaenda, akarudi, akaenda tena. Kisha akaketi kwenye tope na nguo yake nyeupe. Wanawake wale wengine ndio walioanza kulia. Mwalimu mkuu alivua kofia yake, akatuambia kwa sauti ndogo kwamba mtoto wa mama mpishi ndiye aliyekuwa amelala pale. Nilikimbilia nyuma ya jiko nikatapika. Rafiki zangu wakawa wananiangalia kwa mbali.

Mvua ikanyesha jioni hiyohiyo. Wavulana wakatoka mbio kuingiza madawati, wakaburura huku na huku. Na Jumapili kulipokucha maji ya ziwa yalikuwa yamerudi, yamefika kwenye vifundo vya miguu, yametandaza tope jipya juu ya kila kitu. Wazee wa kijiji walikuja mapema. Mmoja wao akasema ukuta ubanduliwe, udongo urudishwe ulikotoka. Mwalimu wetu akadakia kwamba tutaanza dakika hiyo, hata lori lingoje. Tukaokota majembe. Ndipo mama mpishi akasema ngojeni.

"Udongo ule niliubeba mimi mwenyewe. Naweza kubeba mwingine. Mtoto yuko chini. Sasa mkibandua mtaweka wapi? Si mnionyeshe mahali kwanza."

Mwenyewe alikuwa ametafuta tangu kulipopambazuka. Nyumba yake haikuwepo, ua haukuwepo, hapakuwa na jiwe wala kisiki cha kuanzia. "Nilikuwa naliona kila siku," akasema. "Nani anapima na hatua kitu anaona kila siku?" Mzee mmoja akajaribu kukumbuka mahali mlango wa nyumba ulipokuwa, mwingine akampinga. Kisha mama akanigeukia.

"Nyar Uriri, wewe ndiye ulipiga magoti. Nionyeshe."

Nikamtazama mwalimu wangu. Mwalimu akatazama viatu vyake. Nikaingia kwenye maji. Nilijaribu kukumbuka. Choo kilikuwa mkono wa kulia, mlingoti wa bendera nyuma yangu, lakini umbali gani? Jana yake nilikuwa nimetazama udongo tu, sikutazama kitu kingine chochote. Nilipiga hatua, nikarudi moja, nikasogea pembeni. Kila mahali palifanana na pengine. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, kijiji kizima kimejipanga kunitazama, na yeye yuko nyuma yangu, namsikia anavyopumua. Nilitaka kusema sijui. Naapa neno hilo lilifika kooni. Nikageuka nikauona uso wake, na nikashindwa.

"Hapa, mama."

"Hapa?"

"Hapa."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akauchomeka pale mwiko wake wa ugali, kwa kuwa ndicho kitu alichokuwa nacho mkononi, akausukuma mpaka ukazama nusu. Kisha akanishika bega, akaniambia, "Erokamano, nyathina." Asante, mwanangu. Mimi niliyembomolea kaburi. Lori likapiga honi, mwalimu akatuambia tupande, na mimi nikapanda kama wengine. Hakuna aliyeimba hadi Uriri.

Shuleni kwetu walitundika picha kwenye ubao wa matangazo, sisi tumesimama mbele ya ukuta mwekundu, tunacheka, mimi katikati. Ilikaa pale muhula mzima. Mwalimu mlezi aliniambia baadaye kwamba wazazi wa kule walikataa watoto wao waingie darasa lililosiribwa kwa udongo wa kaburi, na nani angewalaumu? Chekechea walisomea chini ya turubai, mvua ikija wanatawanyika, na darasa limefungwa kufuli pembeni yao. Hivyo ndivyo tulivyowasaidia.

Nilimwungamia padri. Alinisikiliza kwa upole, akanipa rozari ya kusali, akaniambia Mungu anajua mtoto yule amelala wapi. Nikasali yote. Mungu anajua, sibishi, lakini mimi hakuniambia. Nikajaribu kuandika barua. Niliandika nyingi, zote zikianza na "Mama, siku ile sikuwa na hakika," na zote nikazichana, kwa sababu baada ya sentensi hiyo ningemwambia nini? Nimnyang'anye hata mwiko? Ningekuwa na mahali pengine pa kumwonyesha, ningekwenda kwa miguu.

Mwaka jana nilipelekwa Mbita kwa mazoezi ya ualimu, na siku ya kurudi nikajikaza nikateremka hadi ufuoni kule. Sikuikuta shule. Ziwa lilikuwa limerudi safari hii bila nia ya kuondoka. Paa moja la mabati lilichomoza majini, ndege weusi wa ziwani wamejipanga juu yake wakianika mabawa. Chekechea haikuonekana hata fito. Palipokuwa kiwanja, mtu mmoja alikuwa akitega nyavu. Nikamuuliza kuhusu mama mpishi, akaelekeza mkono mlimani.

Alinijua kabla sijafungua mdomo. "Nyar Uriri! Kumbe umekuwa mama mzima!" Amezeeka, miguu inamsumbua, lakini alinishika mkono akanivuta kwa nguvu hadi upande wa nyumba yake mpya ya mabati. Kulikuwa na tuta pale, jekundu, limesiribwa vizuri, limefagiliwa pande zote, na msalaba mpya wa mbao. Akanisimulia. Maji yalipoanza kurudi aliwaita shemeji zake. Wakachimba palepale uliposimama mwiko, wakachota udongo, wakautia kwenye karai na kuufunika kwa leso. Yeye akaubeba kichwani hadi juu bila kusema na mtu njiani, wakauzika kwa nyimbo na sala jinsi mtu anavyozikwa. Siku hiyo ndiyo aliyokubali kuhama. Siku hiyo ndiyo aliyolala usingizi.

"Kuna wamama hapa wameacha watu wao chini ya maji," akaniambia. "Wanalia mpaka leo. Mimi wangu niko naye. Ni wewe ulinisaidia."

Nikashindwa kumtazama. Yeye akainama akang'oa kijani kidogo kilichoota pembeni ya tuta, akasema bila kuinua kichwa, "Ile siku nilikuona umesimama sana kabla ya kusema. Nikaogopa. Nikasema, pengine huyu mtoto wa watu hajui, anatuonea haya tu. Ulikuwa unajua kweli?"

Rafiki yangu, miaka yote ile nilikuwa nimeomba nafasi moja tu ya kusema ukweli, na hii hapa, imeletwa na mwenyewe, kwa sauti isiyo na hasira. Nikalitazama tuta, nikautazama mkono wake ulioshika lile jani.

"Nilikuwa najua, mama."

Akapumua. "Basi," akasema. "Ningekuwa nazungumza na tope tu." Akacheka kidogo, akaenda kuita watoto wa jirani wamkamatie kuku.

Nilibaki nimesimama pale. Kutoka mlimani ziwa linaonekana lote, limetulia, na huwezi kujua kwamba chini yake kuna madawati, ubao, na jiko la uji. Na huko chini pia, pengine hatua mbili kutoka nilipoonyesha, pengine ishirini, pengine palepale, yuko mtoto wa miaka mitano. Mtu ambaye angeweza kumwambia mama yake ukweli ni mmoja tu duniani, na huyo ni mimi, na mimi sijui. Chakula kilipoiva aliniita ndani. Aliniwekea paja la kuku na mchuzi mwingi, akaketi mbele yangu akinitazama kwa furaha nikila. Nikala. Akaniongezea, nikala tena.